Kona ya Bibi Masijala: Mjomba anadai barua ya Chama

Barua za mwezi huu zimezidi kipimo, na sababu naijua. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, dirisha la udahili limefunguliwa, na kila nyumba yenye kijana imegeuka baraza la ushauri. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikaa miaka 33 kwenye masijala ya udahili ya chuo kikuu kimoja hapa nchini, nikastaafu 2017. Sikuwa profesa wala msajili. Nilikuwa yule mama wa dirishani anayekurudishia fomu kwa sababu haina picha. Haya, karibuni.

*Shikamoo Bibi Masijala. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa HKL. Nimepata C ya Historia, D ya Kiswahili na E ya Kiingereza, na nataka kusomea ualimu. Mjomba, ambaye ndiye aliyenisomesha, hataki niombe chuo mwaka huu. Anasema chuo kikuu hakichukui mtu aliyetoka shule moja kwa moja: kwanza ufanye kazi miaka miwili, upate barua ya mwajiri na barua ya Chama. Nikimwonyesha kwenye simu kwamba mambo siyo hayo, anasema mtandao unadanganya. Nimjibu nini? (Kijana wa Korogwe)*

Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza kamwombe mjomba radhi kwa sauti uliyompandishia. Hukuiandika, ila naisikia kwenye karatasi.

Mjomba hasemi uongo. Hicho anachokwambia kilikuwa ndiyo njia ya kuingilia chuo kikuu alipokuwa na umri wako, na aliyeikosa barua ya Chama alibaki nje hata angekuwa na A tatu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, ikatoka na Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa lile lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi ifikapo 1977. Kilichotugusa sisi wa vyuo ni kingine: kijana akimaliza kidato cha sita aende Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe chuo, huku mwajiri wake na tawi la Chama wakisema mwenendo wake ukoje. Mtihani ukawa nusu ya safari.

Jambo hilo lilianza kuchemka zamani kidogo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu wamevaa majoho yao ya chuo, wakipinga utaratibu mpya wa JKT. Walichokikataa hasa ni kwamba baada ya kambi, mhitimu afanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilisema heri enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza palepale kwamba anaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mamia ya wanafunzi wakarudishwa makwao. Tangu siku ile viongozi walibaki na wasiwasi kwamba mtoto akipelekwa mfululizo kutoka dawatini mpaka digrii atatoka bwana mkubwa, hamjui mkulima wala mpiga nyundo. Musoma ikaja na dawa.

Kaka yangu aliinywa dawa hiyo. Alitoka kidato cha sita akapelekwa kambi ya JKT ya Ruvu, akarudi mweusi na mkakamavu mpaka mama akamkaribisha kama mgeni. Kisha akaajiriwa ukarani kwenye ghala la pamba, akangoja. Siku jina lake lilipofika tawini, katibu hakumwuliza hesabu wala jiografia. Alimwuliza msaragambo wa kuchimba mtaro ulifanyika Jumamosi ipi, na yeye alikuwa wapi. Bahati nzuri siku ile mama alikuwa amemvuta shuka alfajiri akaenda. Alijibu, barua ikagongwa mhuri wa zambarau. Alipoingia chuo alikuwa na mke na mtoto anayetembea, na darasani mwake yeye hakuwa mkubwa.

Mimi siubezi mpango ule kama wengine wanavyoubeza. Watu waliosoma wakiwa wamekwisha kulipa kodi ya nyumba walikuwa na maswali ambayo mtoto wa miaka 20 hana. Ila mtu aliyeachana na fizikia miaka mitatu hairudii kama alivyoiacha, na wasichana walipungua vyuoni mpaka wakaondolewa kwenye sharti la kusubiri. Miaka ya 1980 sharti lenyewe likafa.

Sasa hesabu yako. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kinachotakiwa ni masomo mawili yanayohusiana na unachotaka kusomea yakupe jumla isiyopungua 4. Historia yako 3, Kiswahili 2, jumla 5. Umevuka, na masomo mawili ya kufundishia unayo hayohayo. Kile Kiingereza cha E kiache kipumzike. (Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao tofauti, maana miaka ile madaraja yalibadilishwa. Msichanganye, nawaomba.)

Mjomba naye usimwonyeshe simu tena. Nenda stesheneri, chapisha kurasa za mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, zinazohusu waombaji wa kidato cha sita, umpelekee karatasi mkononi baada ya chai ya jioni. Anza kwa kumwuliza yeye aliingiaje kazini na nani alimwandikia barua. Halafu mwambie kwamba sehemu moja ya hadithi yake imerudi: tangu 2013 wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa tena JKT kwa mujibu wa sheria, sasa miezi mitatu. Atafurahi kusikia hajapitwa na kila kitu.

*Bibi, cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Khadija, cha kidato cha nne kimeandikwa Hadija, kwa sababu mwalimu aliyetusajili mtihani alisema hizo ni herufi tu. Rafiki yangu ananishauri niombe chuo kwa Khadija kwa kuwa ndilo jina la kweli. Halafu namba ya simu niliyojaza ni ya kaka wa stesheneri, maana simu yangu ilikuwa imezima. Kuna tatizo? (H., Mbagala)*

Yapo mawili, na la simu ndilo kubwa, kwa hiyo naanza nalo.

Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja tu, na unathibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Itatumwa kwa nani? Kwa kaka wa stesheneri. Kaka huyo msimu huu ana Hadija wanne, Godfrey sita, na watu wengine mia mbili ambao sura zao ameshazisahau. Ujumbe wako utaingia katikati ya matangazo ya mikopo ya simu na salamu za mchumba wake. Nilimwona mama mmoja pale dirishani kwetu, amekuja na binti yake kwa basi la usiku. Binti amechaguliwa vyuo viwili, kote wanamwambia hajathibitisha. Mwenye namba alikuwa amebadilisha laini na kuhamia mkoa mwingine. Tulihangaika siku tatu. Kwa hiyo leo, kabla hujapika, ingia kwenye akaunti yako, weka namba yako mwenyewe, na ubadilishe neno la siri, maana hilo nalo kaka analijua.

Sasa jina. Rafiki yako anakupenda, lakini mfumo hauna habari na jina la kweli. Mfumo unakujua kwa namba ya mtihani: herufi S na namba ya shule, mkwaju, namba yako, mkwaju, mwaka. (Aliyefanya mtihani kwa kujitegemea anaanza na P.) Mara nyingi ukishaiingiza, jina linakuja lenyewe kama lilivyo Baraza la Mitihani. Chuoni, basi, wewe ni Hadija mpaka mahafali. Khadija atakuhitaji kwenye mkopo, kwa sababu Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na hapo majina mawili yatakutana uso kwa uso. Andaa mapema hati ya kiapo mbele ya wakili inayosema hao ni mtu mmoja. Usingoje wiki ya mwisho, mawakili nao wanajua msimu.

Nikwambie kwa nini naiheshimu ile namba. Zamani fomu zilijazwa kwa mkono na kuja kwa posta, gunia baada ya gunia, nami nilikuwa na kisu cha mezani cha kufungulia bahasha. Siku moja, 1988, nikashika bahasha ya kaki kutoka Ukerewe. Kabla sijaichana, ofisi nzima ikageuza shingo. Ilikuwa imesafiri ndani ya kapu la dagaa. Wino wa buluu ulikuwa umetambaa ukurasa mzima kama ramani ya ziwa: jina la kwanza limebaki herufi mbili, la baba halipo, na chaguo la kozi limekuwa doa. Magamba yalikuwa yameganda kwenye picha ya pasipoti, kijana akawa na nusu ya shavu inayometa. Mkuu wangu akasema tupa. Nikaigeuza picha. Nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wa mtu anayejua safari ya meli ilivyo, alikuwa ameandika namba yake ya mtihani. Penseli haiogopi maji. Tuliitafuta kwenye orodha ya matokeo, tukampata, na Septemba jina lake likasimama sawasawa na wenzake.

*Hapa barazani kwetu tumegombana. Mmoja anasema chuo kikuu cha kwanza duniani ni Bologna, kule Italia, mwingine anasema ni Qarawiyyin ya Fez, Moroko. Wamewekeana soda. Wewe umekaa na vyuo, amua. (Wanabaraza, Wete)*

Soda ipi? Msinijibu, nitaamua hivyohivyo.

Wa Fez anategemea mwaka 859. Inasimuliwa kwamba Fatima al-Fihri, binti wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kairouan, alitoa mali ya urithi akajenga msikiti, na msikiti ule ukawa na darsa mpaka leo. Wa Bologna anategemea 1088. Mimi mtu wa masijala nikiletewa tarehe ya kuzaliwa huwa nauliza: nani aliiandika, lini? Basi sikilizeni. Habari za Fatima tunazo kutoka kwa Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, miaka kama mia tano baadaye. Na 1088 ya Bologna iliamuliwa karne ya 19 na kamati iliyoongozwa na mshairi Giosuè Carducci, kwa sababu walitaka kusherehekea miaka 800 mwaka 1888. Vyeti vyote viwili ni vya kuchelewa, kama vile tunavyokimbilia RITA mtoto anapotaka mkopo.

Wanachogombania hasa watu wa baraza lenu ni maana ya neno. Wazungu walichukua neno la Kilatini, universitas, ambalo lilikuwa jina la chama cha watu, kama chama cha mafundi au wafanyabiashara. Bologna chama kilikuwa cha wanafunzi wenyewe. Walikuwa watu wazima waliotoka mbali kusoma sheria, wakawa wanawaajiri walimu. Mwalimu akichelewa, faini. Akipitisha muda wa kengele, faini. Akitaka kutoka nje ya mji, aache amana ya fedha ili wajue atarudi. Nimewahi kuwasimulia wahadhiri fulani jambo hili wakati wa chai na hawakucheka.

Sisi Waswahili hatukuita kwa watu, tuliita kwa kitabu. Chuo katika Kiswahili cha zamani ni kitabu. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unaitwa pia Chuo cha Herekali, na hakuna aliyesoma kozi humo. Kutoka kitabu neno likahamia mahali pa kusomea Kurani, mwana wa chuoni akawa mwanachuoni, na karne ya 20 tulipohitaji jina la ile taasisi mpya tukalifunga neno kikuu mkiani. Kwa hiyo kwa lugha yetu, penye kitabu kikubwa na watu wamekizunguka pana chuo kikuu, na Fez imeshinda. Kwa maana ya chama kinachotoa shahada, Bologna imeshinda. Serikali ya Moroko yenyewe iliiingiza Qarawiyyin kwenye mfumo wa vyuo vikuu vya taifa mwaka 1963.

Soda mimi nampa wa Fez, kwa sababu ndiye aliyetaja chuo ambacho mwanafunzi wa Afrika angeweza kukifikia kwa miguu na ngamia.

Mtaniuliza, udahili je? Fomu hazikuwepo. Al-Azhar, pale Cairo, iliyojengwa kuanzia 970, uliingia, ukamtafuta shekhe aliyeegemea nguzo yake, ukakaa kwenye duara. Malazi yalikuwa kwenye riwaki, yaani mabweni, kila riwaki na watu wa upande wao wa dunia. Ipo hata ya Wajabarti, watu wa Pembe ya Afrika. Ukimaliza kitabu na shekhe ameridhika, anakuandikia ijaza kwamba sasa wewe nawe unaweza kukifundisha. Paris walikaza kidogo: kanuni za 1215 zilisema hakuna anayehesabiwa mwanafunzi wa Paris kama hana mwalimu wake anayejulikana. Nikisoma hilo naona masijala ikizaliwa. Mtu mmoja alikaa mlangoni na orodha, akauliza: wewe ni wa nani?

*Kuna wakala amenihakikishia nafasi ya chuo cha serikali kwa laki tatu, anasema ana mtu ndani. Nimeshampa laki moja. Nimalizie? (Jina limehifadhiwa, Mwanza)*

Usimalizie. Hiyo laki moja iandike kwenye daftari la hasara ufunge ukurasa.

"Mtu ndani" nilikuwa mimi, ndugu yangu, kwa miaka 33, na hakuna wakala aliyewahi kunijua. Walikuwa wakifanya hivi: wanachukua fedha kwa vijana ishirini wenye sifa, wanawaombea kama ambavyo wangejiombea wenyewe, kumi na watano wanachaguliwa kwa matokeo yao, na hao kumi na watano wanakwenda kumsifu wakala mtaani. Watano waliobaki wanaambiwa mtu wa ndani amehamishwa. Kuanzia 2010 maombi yalikuwa yanapita kwenye mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 unaomba moja kwa moja kwenye chuo unachokitaka, kwa kulipa ada ndogo ya maombi. Kama huwezi kujaza mwenyewe, mlipe mtu wa stesheneri gharama ya kuchapa, ukae pembeni yake ukitazama kila kisanduku anachojaza. Mengine nimeshamwambia Hadija.

*Nina diploma ya uuguzi, GPA (wastani wa alama) 2.9. Chuo nilichoomba kimenikataa. Pointi moja tu ya desimali! (Muuguzi, Songea)*

Pole, dada. Kiwango ni 3.0 kwa wenye diploma, na mfumo hauna huruma ya desimali. Hata ungeniletea mimi dirishani na machozi nisingeweza. Njia uliyonayo ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Ukitoka huko na 3.0 milango inafunguka, nawe unaendelea na zamu zako wodini. Chuo Huria ndicho kilichonipa na mimi shahada yangu, nikiwa na miaka 41, nikisoma usiku jikoni na kitabu nimekiegemeza kwenye chupa ya chai. Kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, ambao hatuwezi kuiacha kazi ili tukasome kazi.

*Mwanangu ana PCB, D zote tatu. Mwongozo unasema udaktari ni pointi 6, naye anazo 6 kamili. Ameomba vyuo vitatu, vyote hapana, na wa jirani mwenye B amepata. Kuna upendeleo? (Mama wa Kihonda, Morogoro)*

Mama mwenzangu, hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zile 6 za Fizikia, Kemia na Biolojia ni kibali cha kuingia kwenye foleni. Foleni yenyewe inapangwa kwa alama, kuanzia juu kushuka, mpaka vitanda vya mabweni na meza za maabara zinapokwisha. Udaktari zinakwisha mapema sana. Mwenye D tatu anasimama mkiani, na mbele yake wamejaa wenye A na B. Mtoto wa jirani hakupendelewa, alisimama mbele.

Kosa lililofanyika, na nililiona kila mwaka, ni kuomba kitu kilekile mara tatu. Vyuo vitatu, udaktari mara tatu, hiyo ni tiketi moja ya bahati nasibu iliyonunuliwa mara tatu. Awamu inayofuata ya dirisha mwambie aweke na kilimo, afya ya mazingira, ualimu wa sayansi, maabara. Kwenu Morogoro mnalala karibu na Sokoine, chuo ambacho tangu 1984 kinafundisha kilimo na mifugo, na kila siku naona watoto wa Morogoro wakipanda basi kwenda kutafuta kozi ya mbali wasiyoijua. Mpeleke getini akaulize. Nauli ya daladala tu.

*Bibi Masijala, toleo lililopita umetuandikia kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Mlimani mwaka 1961. Siyo kweli. Marehemu baba alikuwa akiuza kahawa Mtaa wa Lumumba, na alitusimulia kwamba aliwauzia kahawa wanafunzi wa chuo kikuu hapohapo mtaani. Sahihisha. (Binti wa muuza kahawa, Upanga)*

Nasahihisha, na naona haya. Nimekaa na mafaili maisha yangu yote, halafu nakosea anwani.

Baba yako alisema kweli. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya bendera ya Uhuru kupanda, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, sheria, na wanafunzi 13. Mwanamke kati yao alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Walianza na sheria kwa sababu Makerere na Nairobi hazikuwa nayo, na nchi ilikuwa inakwenda kujitawala ikiwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Shahada zenyewe zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Fikiri hapo: mtihani unasimamiwa na London, darasa liko kwenye jengo la chama cha ukombozi, na chini barabarani kuna mtu na birika lake la kahawa na vikombe vinavyogongana.

Mlimani walihamia 1964. Wakati huo walikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa 1963 kikiunganisha Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, na kijana aliomba kwa kufuata kozi ilipo. Sheria ilikuwa Dar, uhandisi Nairobi, udaktari Kampala. Mkenya aliyetaka uwakili alishuka Dar, na wa Bukoba aliyetaka udaktari aliwahi Kampala kabla ya wa Pwani hajafika stesheni. Kabla ya 1961 aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikuwa anaitazama Makerere, iliyoanza 1922 kama shule ya ufundi. Mwalimu Nyerere aliingia huko 1943 na kutoka na diploma ya ualimu. Muungano wa vyuo vitatu ulivunjwa, na tarehe 1 Julai 1970 kila nchi ikabaki na chake. Wazee wa masijala walionifundisha kazi walikuwa bado wanazo bahasha zenye nembo ya ule wa pamoja, wakizitumia kuhifadhia pini.

Binti wa muuza kahawa, nina ombi. Kama birika la mzee bado lipo nyumbani, lipige picha unitumie, niiweke hapa toleo lijalo. Nyuma ya picha andika jina la mzee na mwaka alioanza biashara. Kwa penseli, tafadhali.